Injini ya Pili ya Pikapu

Kilichonirudisha nyuma ni harufu ya oili ya zamani iliyochanganyika na maganda ya kahawa. Tulikuwa tumemaliza matanga ya baba, nyasi zilizotandikwa sebuleni zimeanza kukauka, na mdogo wangu wa kiume akafungua stoo ya nyuma kutafuta mahali pa kuweka viti vya kuazima visinyeshewe. Akaniita. Nilimkuta ameinama juu ya kitu kilichofunikwa magunia matatu, kimekaa juu ya magogo mawili ya mkaratusi. Akavuta gunia la juu. Ilikuwa injini ya zamani ya pikapu yetu, ambayo maisha yangu yote niliamini ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Haikuwa na kutu hata kidogo. Mtu alikuwa akiipaka grisi, na hakuipaka mara moja tu, ameipaka mwaka baada ya mwaka.

"Mzee alikuwa anaitunzia nini takataka hii?" mdogo wangu akauliza.

Mambo ya injini ile yalipotokea yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mimi niliyekuwa na akili ya kukumbuka sikuwahi kumwambia mtu. Ninayaandika sasa kwa ajili yenu wa rika langu, mliojua magari ya kijijini kwa masikio kabla ya kuyaona kwa macho. Ninyi hamtashangaa mtoto anawezaje kupewa kazi ya kusubiri sauti.

Pikapu ilinunuliwa na babu enzi kahawa inalipa. Baba aliirithi pamoja na kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, nyumba na ukaidi. Ilikuwa ya bluu zamani; nilipopata akili ilikuwa na mlango mmoja wa kijani uliotoka kwenye gari jingine, na viraka vya rangi iliyopakwa kwa brashi ya kupakia dirisha. Taa moja ilifanya kazi ikipenda. Honi ilikufa kabla sijazaliwa, na hakuna aliyejisumbua kuifufua, kwa maana kwa kelele ya gari lile nani alihitaji honi? Staata nayo ilikuwa imekufa. Gari liliwaka kwa kusukumwa, au kwa kuachiwa lishuke mteremko lenyewe.

Kijiji chetu kiko juu ya mlima, wilaya ya Muleba, na nyumba yetu imo katikati ya migomba minene. Barabara inapita chini ya kibanja. Gari halifiki mlangoni, na kutoka nyumbani huioni barabara wala kinachopita barabarani. Kwa hiyo baba alikuwa na utaratibu wake: akitoka safari anapita chini yetu bila kusimama, anapanda mpaka uwanja wa kanisa kwenye nafasi ya kugeuza, kisha anateremka na kusimama pale njia yetu inapoanzia, pua ya gari imeelekea bondeni, injini inanguruma. Hakuthubutu kuizima. Aliyekuwa na mzigo wa kupakia au wa kupokea alitakiwa awe ameshaondoka nyumbani tangu gari linapita kwenda juu.

Na tulilisikia. Kuanzia kona ya kwanza baba alipopunguza gia, egzosi iliyotoboka ilianza kupasua kuni mlima mzima. Mama na mimi tulikuwa na mchezo wetu. Wa kwanza kulisikia alisema, "Nimelisikia," na huyo ndiye aliyechagua ndizi ya kuchoma kubwa kuliko zote. Mimi nilishinda karibu kila siku. Nilijivuna mbele ya wenzangu kwamba nina masikio ya mbwa, na bibi yangu, mama yake baba, akaliamini hilo kabisa. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mwanamke anayemsubiri mumewe hashindwi na mtoto kusikia gari.

Mama alipoanza kuumwa sikuelewa kwamba anaumwa. Niliona tu miguu yake imejaa, na akitoka kuteka maji anasimama mara tatu njiani. Watu wazima walisema moyo wake umechoka, nami nikafikiri ni uchovu wa kulala ukaamka. Baba akaamua kumpeleka hospitali Bukoba mjini, nikaenda nao kushika dumu la maji ya rejeta. Rejeta ikachemka kabla hatujafika Muhutwe. Ikachemka tena kwenye mlima wa mbele yake, na mara ya tatu karibu na Kemondo. Kila mara baba alifungua boneti akiwa amezungushia shati mkono, mvuke ukamrukia usoni, na mama akashushwa akakaa kwenye nyasi ameegemea tairi, anavuta hewa kwa kazi. Mimi nililikumbatia dumu kwa mikono miwili nisilimwage.

"Leo utingo tumepata," mama akasema, akacheka, na kicheko kikamchosha.

Tuliondoka nyumbani jua linachomoza. Tulifika adhuhuri imeshapita.

Walimlaza siku kadhaa, akapata nafuu, akarudishwa. Daktari alimwambia baba kwamba pumzi zikimbana tena asingoje kesho, amlete saa ileile. Baba hakula siku tuliyorudi. Asubuhi aliizunguka pikapu mara mbili, akaweka kiganja juu ya boneti, akamwambia bibi, "Hili gari halitamfikisha mke wangu."

Bibi akamwambia auze gari akodi la mtu. Baba akasema gari la kukodi utalipata siku usiyolihitaji. Alikuwa ameshapata habari ya injini ya dizeli iliyotolewa kwenye basi dogo lililoanguka, injini ya kisasa, yenye nguvu, isiyochemka ovyo. Fundi wake wa Rwamishenye, kule Bukoba mjini, alikuwa amemwambia inaweza kuingia kwenye pikapu ya babu kama mtu hana haraka. Baba alikuwa na haraka, lakini pikapu akaipeleka.

Shule zilikuwa zimefungwa, akanichukua siku moja nikaone. Fundi aliitwa Kaiza, mtu mfupi mwenye kahawa ya kutafuna shavuni wakati wote, na maneno yake yalipita pembeni ya hiyo kahawa. Injini ya zamani ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo uliofungwa kwenye boriti, inadondosha oili taratibu juu ya vumbi la mbao. Mpya ilikaa chini juu ya tairi, safi kuliko watu wote waliokuwepo.

"Waitu, ndugu yangu, huyu ni bibi harusi wa mjini," Kaiza akamwambia baba. "Nyumba ya babu ni ndogo kwake. Lazima nivunje ukuta."

Alivunja kweli. Vishikio vya injini vya zamani alivikata vyote kwa moto, akachomelea vingine. Rejeta akaisogeza mbele mpaka ikagusa taa. Giaboksi ikabadilishwa, propela ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ikafupishwa, na bado boneti haikufunga, kwa hiyo akasema ataifunga kwa kamba mpaka apate namna. Baba hakukaa kitako akasubiri kama wenye magari wengine. Alikuwa chini ya gari pamoja na fundi, miguu tu ndiyo inaonekana.

Mimi niliitazama ile injini ya kwenye mnyororo, nikaionea huruma. Kisha likanijia swali. Nikainama karibu na miguu ya baba.

"Tata, bado litalia vilevile?"

"Ndiyo, ndiyo," akajibu kutoka chini. "Hebu nipe spana namba kumi na nne."

Nikampa spana, moyo wangu umetulia. Mtoto akishaambiwa ndiyo na baba yake haulizi tena.

Pumzi za mama zilibana siku ambayo baba alikuwa Rwamishenye kumalizia. Simu za mkononi hazikuwa zimefika kwetu. Bibi alimtuma kijana akalisimamishe basi la asubuhi, na kondakta akabeba ujumbe: mwenye pikapu aje haraka, mke wake amezidiwa. Baada ya hapo kilichobaki ni kungoja. Mama aliketishwa kitandani na mito mgongoni kwa sababu hakuweza kulala chali. Mvua ilianza kama saa saba, ile mvua yetu ya kutoka ziwani isiyo na upepo, inayonyesha juu ya migomba kana kwamba haina mahali pengine pa kwenda.

Wanaume wa engozi waliitwa mapema. Wasioijua engozi, ni machela ya kusukwa ambayo kwetu humbeba mgonjwa kutoka nyumbani hadi barabarani, na hiyohiyo humrudisha maiti. Kwa sababu hiyo bibi hakuruhusu iingie uani kwetu kabla gari halijafika. Alisema machela haikai ikimtazama mtu aliye hai. Hakuna aliyembishia. Wanaume wanne wakaenda kukaa na engozi yao kwa jirani, nyuma ya vibanja viwili, na bibi akanipa kazi.

"Wewe una masikio," akaniambia. "Kaa chini ya ule mbuni wa mwisho. Ukilisikia gari linapanda, kimbia ukawaite. Baba yako akigeuza kule kanisani, wao wawe wameshamtoa mama yako."

Nikakaa chini ya mbuni na jani la mgomba kichwani. Nilikuwa najua nimebeba kitu kizito, na nilikifurahia, nisiwafiche. Nilifunga macho ili nisikie vizuri zaidi.

Nikasikia gari. Lilipanda bila kukohoa, sauti moja laini iliyonyooka kutoka kona ya kwanza hadi ya mwisho, likapita chini ya kibanja haraka, likaendelea kuelekea kanisani. Nikajua ni wageni wa mchungaji.

"Bado?" bibi akaita kutoka mlangoni.

"Bado, bibi. Si lenyewe."

Lile gari likateremka tena. Likanyamaza mahali fulani chini. Nikakaa. Mvua ikanyesha. Niliwaonea hasira wale wageni walionipotezea sauti, nikasogea mbele kidogo, nikafunga macho tena. Bibi akaita mara ya pili nikamjibu vilevile. Sijui ulipita muda gani. Watu wazima baadaye walisema nusu saa, wengine wakasema zaidi, na hawakujua kwamba nawasikiliza.

Nilifumbua macho kwa sababu ya hatua. Baba alikuwa anapanda njia ya kibanja, amelowa, mikono yake myeusi ya oili mpaka viwikoni.

"Mbona umekaa hapa?" akaniuliza. "Watu wako wapi? Nimewangoja kule barabarani muda wote huu."

"Nasubiri gari, Tata."

Alinitazama. Sikuwahi kutazamwa vile kabla ya hapo wala baada ya hapo. Kisha akakimbia kuwaita wanaume yeye mwenyewe.

Walimtoa mama wakiwa wamemfunika turubai. Nilisimama pembeni ya njia kuwapisha. Aliponifikia alitoa mkono nje ya turubai na wabebaji wakasita kidogo.

"Leo nimekushinda," akasema. Maneno hayo mawili yalimchukua pumzi nne.

Pikapu iliwaka kwa ufunguo, bila kusukumwa na mtu. Ikaondoka na ule mlio wake wa gari la wageni. Haikuchemka mahali popote, baba alisema hivyo mwenyewe kwenye msiba, haikusimama hata mara moja. Mama alifia njiani karibu na Kemondo, wakati mji hauko mbali.

Alirudishwa jioni ileile, kabla giza halijaingia. Hakuna aliyelisikia gari likija. Tulimwona tu baba amesimama uani, na nyuma yake engozi.

Tulimzika mama kibanjani, upande wa kuelekea ziwani. Nyasi zikatandikwa ndani, watu wakaja, wakaondoka. Nilingoja baba aniulize. Nilikuwa nimeandaa jibu, kwamba yeye mwenyewe aliniambia litalia vilevile, lakini kila nilipolirudia kichwani nililiona ni jibu la mtoto anayemsingizia baba yake aliyefiwa. Yeye hakuuliza. Nami nikaamua kwamba anajua, na anayejua hana haja ya kuuliza. Maneno ya mama niliyatafsiri kwa akili ileile: amenishinda, maana yake alilisikia nilipokuwa nasema si lenyewe, na ameondoka akijua ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Niliibeba hukumu hiyo mpaka nikawa mama wa watoto wakubwa.

Kisha ikaja honi. Siku chache baada ya msiba baba alikwenda Rwamishenye na akarudi na honi ya lori, honi kubwa ya kutisha ng'ombe. Kuanzia siku hiyo alipofika kona ya kwanza aliipiga, kona ya pili akaipiga, akipita chini ya nyumba anapiga, na kwenye kona ya kanisani anapiga ile ndefu kuliko zote. Watu walimcheka. Walisema mzee amepewa treni. Watoto wakimwona sokoni wanamwigiza. Yeye alicheka nao, na jioni akapiga tena.

Mimi sikucheka. Kila honi niliisikia ikiniambia: haya, hili je, umelisikia? Nilikuwa namenya ndizi, nikiisikia natupa kisu naingia ndani. Nilipofaulu kwenda shule ya bweni nilifurahi kupita kiasi, na sababu sikuisema. Nilipoolewa nilimwambia mume wangu tujenge Ijuganyondo, kule mjini, akauliza kwa nini si karibu na kwetu, nikasema ni kwa sababu ya maji. Baba alikuja kunitembelea mara nyingi, na kila mara nilimjua akiwa bado barabarani, kwa ile honi. Tuliongea habari za mvua, kahawa, shule za watoto. Tulipendana, nadhani. Lakini tulipendana kama watu wawili waliokaa pande mbili za meza yenye kitu katikati, na hakuna anayekitaja.

Sasa amekufa, na injini iko stoo.

Fundi Kaiza alikuwa amekuja kwenye msiba. Amezeeka, haoni vizuri, lakini kahawa bado iko shavuni. Alikuwa amekaa barazani akingoja mdogo wangu amrudishe mjini. Nilikwenda kukaa karibu naye, nikampa kahawa nyingine kwenye kisahani, nikamwambia tulichokikuta.

"Kumbe alikuwa bado anayo," akasema. Akatafuna kidogo. "Baada ya kumzika mama yako alinijia gereji. Akaniambia, Kaiza, nirudishie injini yangu ya zamani. Nikamwambia waitu, haiwezekani, vishikio nimeshavikata, halafu ile imeshachoka, utaifanyia nini? Akakaa juu ya tairi. Nilidhani ananung'unikia kazi yangu."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwanangu aliniuliza kama litalia vilevile, nikamjibu ndiyo. Akasema, sikuwa namsikiliza, Kaiza. Nilikuwa natafuta spana." Fundi akafuta macho kwa mgongo wa mkono, sijui kama ni machozi au ni uzee. "Basi akaipakia ile mbovu akaondoka nayo. Na akaniagiza honi. Nikampa ya gari dogo, akaikataa. Akasema anataka ambayo mtoto hawezi kukosea."

Nilimuuliza kwa nini baba hakuniambia mimi.

"Alisema wewe hukumbuki," Kaiza akajibu. "Alisema Mungu amekusaidia umesahau, na yeye hatakukumbusha."

Sikuweza kukaa pale. Nilirudi stoo, nikamwacha mdogo wangu ampandishe mzee kwenye pikapu. Nilipiga magoti kwenye maganda ya kahawa kama mtu aliyeangusha sindano, nikalia kwa sauti, nikamlilia baba kwa mara ya kwanza tangu afe. Kama nusu saa ile ingemwokoa mama sijui, na aliyejua hayupo. Ninachojua ni kwamba tulikuwa wawili chini ya kosa moja, kila mmoja amejitwika lote, na kila mmoja ananyamaza ili asimwumize mwenzake. Na mama, pale njiani, alikuwa anacheza nami mchezo wetu kwa pumzi alizobakiza. Hakuwa na maana nyingine. Nilitakiwa kulijua hilo, kwa sababu mama hakuwa mtu wa mafumbo.

Kule barabarani pikapu iliwaka. Bado ni injini ileile tunayoiita mpya, na sasa nayo imezeeka. Nikaisikia inapanda kwenda kugeuza, laini, imenyooka, nikaifuata kwa masikio tangu chini ya kibanja. Mkono wangu ulikuwa juu ya chuma chenye grisi. Ilipofika kona ya kanisani mdogo wangu akaipiga honi ile ndefu, kwa mazoea tu, kama alivyomwona baba akifanya, na kwa mara ya kwanza nikaijibu.

"Nimelisikia, Tata."